Jaketi Lako Si la Vietnam: Soma Lebo Kabla ya Kupanga Bei

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi mwezi Juni mwaka jana nilikitembeza. Nilipiga picha jaketi moja la rubani, lile fupi la kijani lenye bitana ya rangi ya chungwa na mfuko wa zipu kwenye mkono wa kushoto, nikaliweka status na kwenye magrupu matatu ya darasa. Chini yake nikaandika kwa kujiamini: "Orijino ya jeshi la anga la Marekani, vita ya Vietnam, mwaka 1967. Lipo moja tu. Wahi."

Wanachuo wa Mbeya mnajua Juni ilivyo. Ukitoka kipindi cha saa moja asubuhi vidole havikunji kalamu. Na bumu lilikuwa limetoka siku tatu nyuma. Jaketi nililolichukua Mwanjelwa kwa shilingi 12,000 likaondoka kwa 65,000 kabla ya jua la mchana. Aliyelinunua ni dada mmoja wa mwaka wa pili. Hakutaka la kuvaa mwenyewe. Alitaka zawadi kwa kaka yake, mwalimu wa historia sekondari huko Makambako, mtu anayependa habari za vita na ndege.

Wiki mbili baadaye dada yule akanifuata kantini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Akaweka simu mezani, akanionyesha picha ya kijilebo cheupe kilichokuwa kimejificha ndani ya mfuko wa ndani, kwenye mshono. Kilikuwa na michoro ya beseni la kufulia na pasi, herufi RN na namba inayoanza na 98, na maneno matatu ambayo hata asiyejua Kiingereza anayajua: Made in China.

"Kaka yangu anauliza," akasema, "jeshi la Marekani lilikuwa linashoneshewa nguo China wakati linapigana Vietnam?"

Nikaanza kujitetea. Nikasema rangi, nikasema bitana, nikasema lilivyochakaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja ambalo mpaka leo linanisumbua: "Ulijuaje?"

Ukweli ni kwamba sikujua. Nilitafuta mtandaoni, nikaona jaketi linalofanana na langu, mwenye nalo kaandika 1967, na mimi nikaudesa ule mwaka kama mtu anavyodesa asaimenti usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Hela nilikuwa nimeshaitumia, nyingine kwenye kuprinti ripoti ya field, nyingine tumboni. Nilimrudishia kwa awamu mbili, na ya pili nilikopa kwa mwenzangu wa chumbani. Jaketi likarudi kwangu.

Ninayasema haya hadharani kwa sababu najua siko peke yangu. Biashara ya mtumba kampasi imekuwa kubwa. Kila hosteli ina mtu anayeuza viatu, jinzi au makoti, na si vibaya. Wengi ndivyo tunavyomaliza muhula. Lakini imeingia tabia ya kubandika mwaka kwenye nguo kama mtu anavyobandika stika kwenye bodaboda. "Ya miaka ya sabini." "Ya vita." Hoja yangu ni fupi: muuzaji asiyeweza kujibu "ulijuaje?" hana haki ya kulipisha bei ya historia. Kwa majaketi ya marubani swali hilo linajibika, tena kwa macho yako mwenyewe, ukiwa umesimama mbele ya meza ya mtumba.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kupekua. Niwaeleze nilichojifunza.

Jambo la kwanza ni kujua aina ya jaketi, maana kila aina ina kipindi chake. Jaketi la ngozi la kahawia mnaloliona kwenye filamu za Vita ya Pili ya Dunia linaitwa A-2. Jeshi la Marekani lililipitisha mwaka 1931. Mengi yalitengenezwa kwa ngozi ya farasi, na mwaka 1943 jeshi likaacha kuyaagiza, likahamia kwenye majaketi ya kitambaa. Mwaka 1944 likaja B-15 lenye kola ya manyoya. Halafu zikaja ndege za jeti. Zinapaa juu zaidi, kwenye baridi kali zaidi, na chumba cha rubani kimebana. Ngozi ni nene, ikilowa na kuganda ni mateso. Ndiyo maana baada ya vita nailoni ikashika nafasi, na miaka ya 1950 ikazaa MA-1, ambalo ndilo jaketi mnalolijua ninyi wote hata kama hamjui jina lake. Manyoya ya kola yaliondolewa kwa sababu yalisumbuana na mikanda ya parachuti, ikawekwa kola ya kufuma. Miaka ya 1970 jeshi likaanza kulibadilisha na CWU-45/P, lenye kitambaa kisichoshika moto kirahisi na kola ya kukunja kama ya shati.

Kwa hiyo kabla hujasoma herufi yoyote, umbo limeshakupa mlango wa kuingilia. Mtu akikuonyesha jaketi la nailoni lenye kola ya kufuma akasema ni la mwaka 1943, muage kwa heshima uende meza ya pili.

Lakini umbo linakwambia tu jaketi haliwezi kuanza kabla ya mwaka gani. Haliwezi kukwambia lilishonwa lini, kwa sababu mitindo hii haijafa. Kampuni za kiraia zimeendelea kushona MA-1 mpaka leo, na bado zinashona. Hata A-2 lenyewe lilirudishwa na jeshi la anga la Marekani mwaka 1988, safari hii kwa ngozi ya mbuzi. Maana yake A-2 linaweza kuwa orijino ya jeshi kabisa na bado likawa dogo kwa umri kuliko mhadhiri wako.

Hapo ndipo lebo inapoingia.

Jaketi lililonunuliwa na serikali ya Marekani lina lebo yenye maelezo ya kiofisi: jina la aina, namba ya maelezo ya kiufundi, namba ya mkataba, na jina la aliyeshona. Wengi tunakimbilia namba inayoanza na MIL. Kwa MA-1 ni MIL-J-8279, na herufi moja mwishoni inayobadilika kila maelezo yaliporekebishwa. Hapo ndipo nilipoangukia mimi. Kwenye lebo yangu kubwa iliyofifia niliona MIL-J-8279, nikajua nimeokota dhahabu. Kumbe kampuni za kiraia nazo huandika namba hiyo hiyo kwenye nguo zao, kwa sababu ni maelezo ya namna ya kushona tu. Kuwa na namba hiyo ni sawa na mpishi kusema pilau yake imefuata mapishi ya Zanzibar. Haimaanishi imepikwa Zanzibar, wala haikwambii imepikwa lini.

Namba inayosema mwaka ni ya mkataba. Chukua mfano wa mkataba ulioandikwa DSA-100-69-C na tarakimu nyingine nyuma yake. DSA ni kifupi cha wakala wa ununuzi wa wizara ya ulinzi ya Marekani ulioanzishwa mwaka 1961. Ile 69 ni mwaka wa fedha wa mkataba. Na hapa kuna mtego mdogo: wakati huo mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani ulianza Julai mosi, kama wa kwetu Tanzania. Kwa hiyo 69 ni kuanzia Julai 1968 hadi Juni 1969. Mkataba unaweza kuwa umesainiwa Agosti 1968 na jaketi likakabidhiwa miezi mingi baadaye. Mtu mkweli atasema "mkataba wa mwaka wa fedha 1969." Hatasema "lilivaliwa 1969," na hatasema kabisa "lilivaliwa Vietnam." Lebo haijui jaketi lilikwenda wapi.

Januari 1977 wakala ule ulibadilishwa jina, ukawa DLA. Kwa hiyo ukikuta DLA kwenye lebo, hata kabla ya kutafuta tarakimu za mwaka, umeshajua kwamba vita ya Vietnam ilikuwa imekwisha. Herufi moja katikati, S au L, inatosha kumkata mtu maneno.

Kuna namba nyingine inayosaidia, ya stoo. Kwa mavazi maalumu inaanza na 8415. Zamani ilikuwa na tarakimu 11. Mwaka 1974 mfumo ukabadilishwa, zikaongezwa tarakimu mbili, mara nyingi 00 au 01, mara tu baada ya 8415. Kwa hiyo lebo yenye 8415 na tarakimu saba tu zinazofuata ni ya mfumo wa zamani. Ikiwa na 8415-00 au 8415-01 na tarakimu saba, ni ya 1974 au baadaye. Sehemu ya mkataba ikiwa imefutika lakini namba hii inasomeka, bado una kitu mkononi.

Kwa majaketi ya Vita ya Pili hesabu ni tofauti kidogo. Baadhi ya lebo za A-2 zina namba ya oda inayoanza na 42, na hiyo nayo ni mwaka wa fedha. Angalia pia jina la jeshi lenyewe. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa sehemu ya jeshi la nchi kavu mpaka Septemba 1947, lilipojitegemea. Lebo inayolitaja kama mali ya jeshi la nchi kavu na inayolitaja kama jeshi la anga linalojitegemea hazitoki kipindi kimoja. Jina la ofisi ni tarehe, ukijua ofisi ilizaliwa lini. Hata hapa kwetu, ukikuta barua ina muhuri wa Tanganyika, huhitaji kuuliza kama iliandikwa juzi.

Sasa turudi kwenye kile kijilebo kilichonitoa jasho kantini. Nguo ya kiraia haina mkataba wa jeshi, lakini nayo inasema, ukiisikiliza. Namba ya RN hutolewa na tume ya biashara ya serikali ya Marekani kwa kampuni inayoshona, kuagiza au kuuza nguo nchini humo. Namba hizi zimekuwa zikitolewa kwa kufuatana, kwa hiyo wapenzi wa nguo za zamani wana hesabu yao ya kukadiria: chukua namba ya RN, toa 13,670, gawanya kwa 2,635, kisha jumlisha 1959. Kwa namba ya 98,000 unapata 84,330. Ukigawanya unapata 32. Ukijumlisha unafika 1991. Huo ni mwaka ambao kampuni ilisajiliwa, kwa makadirio. Nguo yenyewe inaweza kuwa ya mwaka huo au ya miaka 20 mbele, lakini haiwezi kutangulia kampuni iliyoishona.

Halafu ile michoro ya beseni na pasi. Marekani ilianza kulazimisha lebo za maelekezo ya kufua mwaka 1972, na wakati huo yalikuwa maneno. Ruhusa ya kuweka michoro peke yake badala ya maneno ilikuja mwaka 1997. Angalizo: Ulaya michoro ni ya zamani zaidi, kwa hiyo jaketi la Ujerumani au Ufaransa lisihukumiwe kwa sheria hii. Langu lilikuwa na RN, maana yake lililenga soko la Marekani, na lilikuwa na michoro mitupu.

Na China? Marekani ilikuwa imezuia biashara na China tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ililegeza mwaka 1971. Zaidi ya hapo, kuna sheria ya tangu mwaka 1941, inaitwa Berry Amendment, inayoitaka wizara ya ulinzi ya Marekani kununua nguo zilizotengenezwa Marekani. Yule mwalimu wa Makambako aliuliza swali la kejeli, lakini lilikuwa ndilo swali sahihi.

Hebu angalia mashahidi walivyojipanga. Umbo lilisema: si kabla ya miaka ya 1950. China ikasema: si kabla ya 1971, na si la jeshi. RN ikasema: si kabla ya 1991 hivi. Michoro ikasema: si kabla ya 1997. Nani anashinda? Anashinda wa mwisho. Jaketi haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kipande chake kichanga kabisa. Mimi nilimsikiliza shahidi wa kwanza tu, tena kwa sababu alisema nilichotaka kusikia.

Kanuni hiyo ina sharti moja: kipande hicho kiwe kimezaliwa na jaketi. Zipu hufa. Vikono vya kufuma hutoboka, hasa vya sufu, maana nondo hula sufu na kuiacha akriliki. Fundi wa huko Ulaya au wa hapa Mwanjelwa anaweza kuwa ameweka zipu mpya kwenye jaketi la miaka 50. Kwa hiyo ukiona zipu inakataa kukubaliana na lebo, geuza, angalia mshono. Je, uzi wake ni uleule wa sehemu nyingine? Kuna safu ya matundu ya sindano yaliyobaki wazi pembeni? Kama yapo, zipu imebadilishwa na ushahidi wake hauna nguvu. Vivyo hivyo lebo. Kuna watu hushona lebo ya zamani kwenye jaketi jipya, na kuna kampuni, hasa za Japani, zinazotengeneza nakala nzuri sana mpaka kwenye lebo. Nakala hizo ni nguo halali na nyingine ni ghali, ila mara nyingi zina kijilebo cha pili cha aina ya kitambaa na ufuaji. Kitafute kwenye mshono wa ubavu na ndani ya mifuko. Mimi sikukitafuta.

Nitaje pia mashahidi wa uongo, wale wanaotupendeza. Bitana ya chungwa ni wa kwanza. Ilianza kuwekwa kwenye MA-1 mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili rubani aliyeanguka aligeuze jaketi nje ndani, waokoaji wamwone. Hadithi tamu. Lakini tangu hapo karibu kila MA-1 la kiraia lina bitana hiyo hiyo, hata lililoshonwa kwa ajili ya kijana wa disko ambaye hajawahi kupanda ndege. Bitana ya chungwa inamwondoa mtu wa miaka ya 1950. Haimthibitishi mtu wa 1967. Wa pili ni kuchakaa. Jaketi la miaka mitano la dereva wa bodaboda limechakaa kuliko la miaka 40 lililolala kabatini kwa bibi wa Ohio. Wa tatu ni beji zilizoshonewa. Beji zinauzwa kwa mafungu. Wa nne ni maneno ya aliyekuuzia, na yeye kaambiwa na aliyemuuzia.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema: kaka, nguo ni nguo, baridi haiulizi mwaka. Nakubali kabisa. Jaketi langu la China lina joto kuliko sweta yoyote niliyowahi kuwa nayo. Kama unauza joto, uza joto kwa bei ya joto, hakuna atakayekulaumu. Lakini tofauti kati ya 12,000 yangu na 65,000 aliyolipa yule dada haikuwa joto. Ilikuwa neno "1967." Alilipa 53,000 kwa tarakimu nne nilizozidesa. Ukiliangalia hivyo, si ujanja wa biashara tena. Ni hela ya mwanachuo mwenzio iliyotoka kwenye mkopo atakaoulipa akianza kazi.

Mwingine atasema: basi tusitaje mwaka kabisa. Hapana, huko ni kukimbilia upande wa pili. Kutojua kunatuumiza hata sisi wauzaji, na hapa nina kisa cha pili.

Mwezi Septemba nilikuwa Mwanjelwa, meza ya mama mmoja ambaye nimezoea kununua kwake. Nikakuta MA-1 limetupwa kwenye rundo la shilingi 8,000. Nikageuza. Lebo ilikuwa imekunjamana lakini inasomeka: DSA-100, kisha 6 na tarakimu iliyochubuka. Namba ya stoo haikuwa na zile 00. Zipu na mishono vilikubaliana na lebo. Nikapekua kila mfuko na kila mshono, hakuna kijilebo cha pili. Mikono ilianza kunitetemeka. Hili sasa lilikuwa lenyewe, la miaka ya 1960, la jeshi kweli.

Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo wauzaji wengi wa kampasi hatutaki kulikumbuka. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi ya kijeshi, au yanayofanana nayo, kuyasalimisha. Sheria yetu inakataza raia kuvaa sare za majeshi bila ruhusa. Mimi si mwanasheria, na sijui afisa angesema nini kuhusu jaketi la kijani tupu la rubani wa nchi nyingine lisilo na beji. Lakini ona kichekesho chetu: tunaandika kwenye status "orijino ya jeshi" kama sifa, wakati hayo ndiyo maneno ambayo siku moja yatasomwa mbele yako kama ushahidi. Mtu mwenye nakala ya kiraia anajisingizia kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu tu hakusoma lebo. Na mwenye la jeshi kweli hajui kama amebeba kitu ambacho angepaswa kwanza kukiulizia.

Nilisimama pale kama dakika tano. Nikasema moyoni, lipa 8,000 uondoke, mama hajui. Halafu nikasikia lile swali la kantini. Nikamwita mama, nikamwonyesha herufi moja moja, nikamweleza maana yake.

Akaangalia, akacheka. "Mwanangu, miaka yote hii mimi nauza joto tu. Kumbe na haya huwa yanasema?" Halafu akaacha kucheka. Akasema kipindi kile cha tangazo aliondoa makoti yote ya mabaka mezani, lakini hili la kijani hakulijua. Akalikunja, akaliweka chini ya meza, akasema atamuuliza mwenyekiti wa soko kwanza. Nikaondoka mikono mitupu. Sikupata jaketi, sikupata faida. Lakini tangu siku hiyo, belo likifunguliwa, mama ananipigia: "Njoo unisomee."

Kwa hiyo ninawaomba mambo matatu, wanachuo wenzangu.

Wauzaji: acheni kukata lebo. Najua zinawasha shingoni na najua nyingine mnazikata kwa sababu zinasema msichotaka mnunuzi asome. Piga picha lebo zote, kubwa na ndogo, uziweke pamoja na picha ya jaketi. Halafu andika unachokijua na namna ulivyokijua: "Nakala ya kiraia, RN inaonyesha si kabla ya 1991." Usipojua, andika sijui. Neno hilo halijawahi kumfilisi mtu.

Wanunuzi: kabla hujatuma hela, uliza "ulijuaje?" Akikwambia rangi, bitana au kuchakaa, lipa bei ya joto. Akikuonyesha lebo, isome mwenyewe.

Na wale wenzangu wa historia, sheria na biashara mnaolalamika kwamba tunayosoma darasani hayatufikishi mtaani: mnaambiwa kila siku chanzo kimoja hakitoshi, ushahidi uchunguzwe, mwandishi aulizwe kapata wapi habari zake. Mkitoka mlangoni mnayaacha mezani pamoja na karatasi ya mahudhurio. Mimi niliyaacha pia. Aliyenirudisha ni mwalimu wa sekondari aliyeko Makambako, aliyeingiza vidole kwenye mfuko wa ndani.

Jaketi bado ninalo. Ndilo nimelivaa ninapoandika haya, na nje kuna ukungu. Yule dada wa mwaka wa pili akinikuta nalo njiani huniuliza, "Kaka, vipi Vietnam?" Namjibu: la China, baada ya 1997, kutokana na lebo tatu. Anacheka, tunaenda kipindi.